Taisiya wa Kreni Namba Nne

Taisiya Sinelnikova hakuwa ametimiza miaka minane walipomfukuza baba yake kijijini kwa kosa la kuwa na paa la bati. Ng'ombe wawili na farasi walikuwa nao wengine pia, lakini bati lilikuwa lake peke yake. Majira yale ya baridi ya mwaka 1931 kila kijiji kilitakiwa kitoe idadi yake ya kulaki, yaani wakulima wenye nacho wanaodaiwa kuyapinga mashamba ya ushirika. Kijiji chao kilitakiwa kutoa kaya sita. Tano zilipatikana bila taabu. Ya sita ilitafutwa siku tatu.

"Usinitazame hivyo, Prokhor," mwenyekiti wa kamati alimwambia mlangoni, akikung'uta theluji kwenye buti. "Sote tunavujiwa. Wewe peke yako unalala pakavu."

"Ningejua, ningelala nje," Prokhor akasema.

Aliruhusiwa kuchukua shoka, sufuria moja na nguo walizoweza kuzivaa zote kwa pamoja. Garimoshi liliwabeba siku kumi na moja kuelekea mashariki, kisha likawashusha mahali pasipo na kitu. Chugunsk wakati huo ilikuwa jina kwenye ubao, na vigingi vilivyochomekwa kwenye theluji kuonyesha tanuru litakaa wapi, reli itapita wapi. Waliohamishwa waliwekwa kwenye mahema ng'ambo ya mto, chini ya kamanda aliyewahesabu asubuhi na jioni. Mama yake Taisiya, Anfisa, alikufa mwezi wa Aprili kwa homa ya chawa. Prokhor akaendelea kuchimba msingi wa tanuru la kwanza, saa kumi na mbili kwa siku, na jioni alimkuta binti yake amekaa palepale alipomwacha, hana hata hamu ya kucheza.

Mwezi wa Mei alimwosha uso, akamvusha mto juu ya ubao wa mafundi, akamwonyesha nyumba ndefu ya magogo upande wa pili wa barabara. Ilikuwa nyumba ya watoto yatima.

"Nisikilize, Tasya. Ukiingia pale, huna baba, huna mama, hujui ulikotoka. Wakikuuliza jina, sema Taisiya, basi."

"Na wewe?"

"Mimi nipo. Lakini si wa kutajwa."

"Mpaka lini?"

Prokhor alimsukuma mgongoni kidogo, kama mtu anavyomsukuma ndama mbishi, akageuka kwenda zake, maana saa ya kuhesabiwa ilikuwa imekaribia.

Mkuu wa nyumba ile, mwanamke mwenye mkasi kiunoni, alimnyoa nywele kwanza, akamwuliza baadaye. Alipoona hapati kitu, akajijazia mwenyewe. "Umeingia mwezi wa Mei, utaitwa Maiskaya. Jina la baba weka Andrei, maana mlinzi wetu ni Andrei na hana mtoto. Andrei, umepata binti."

"Mwenye upara kama mimi," mlinzi akasema. "Hakuna atakayebisha."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Taisiya Andreyevna Maiskaya, mtoto wa Muungano wa Kisovyeti. Na usidhani alidhulumiwa pale. Alipewa mkate, kitanda chenye shuka, buti za sufu na mwalimu wa hesabu aliyempenda. Alifundishwa kwamba nchi yake ilikuwa ya kwanza duniani kutawaliwa na wafanyakazi, na alipotazama dirishani aliona kwa macho yake jambo hilo likitendeka: jana shimo, leo ukuta, kesho bomba la moshi refu kuliko mnara wa kanisa lolote. Watoto waliimba tanuru la kwanza lilipowashwa. Taisiya aliimba kwa sauti kuliko wote. Ng'ambo ya mto hakwenda. Mwanzoni ni kwa sababu alikatazwa. Baadaye, na hili alilisema mwenyewe uzeeni bila kujipendelea, ni kwa sababu alizoea.

Vita vilipoanza alikuwa na miaka kumi na minane. Wanaume walikwenda mstari wa mbele, wasichana wakapanda kwenye mashine zao. Taisiya alipewa kreni namba nne katika karakana ya kuyeyusha chuma, ile inayotembea kwenye reli juu karibu na paa. Alikaa kwenye kibanda chenye ukubwa wa kabati, mita kumi na tano kutoka chini, akibeba chakavu na vipande vya chuma vya kwenda kuwa vifaru. Zamu ilikuwa ya saa kumi na mbili. Joto lote la tanuru lilipanda juu, na alipoteremka jasho liligandia kwenye nyusi kabla hajafika kantini.

Majira ya vuli ya mwaka 1943 waliletwa watu wa ng'ambo ya mto kuja kufunga mizigo, kwa kuwa wafungaji walikuwa wamekwisha kwenda vitani. Kazi ya mfungaji ni kuzungusha mnyororo kwenye mzigo, kutia ndoana, kisha kumpa dereva ishara kwa mkono. Dereva hasikii kitu kule juu. Anaitazama mikono tu. Siku ya pili Taisiya aliona mkono wa kushoto usio na kidole cha mwisho ukimwambia: nyanyua.

Kidole kile kilikatwa na mashine ya kukatia nyasi, uani kwao, Taisiya akiwa na miaka mitano. Yeye ndiye aliyemshikia baba yake kitambaa damu ikitoka.

Hakunyanyua. Mkono ukarudia ishara. Yule mtu akainua uso, na wakatazamana kupitia moshi, pengine muda wa kuhesabu mpaka kumi. Amekonda, ndevu nyeupe, koti limefungwa kamba. Kisha akainamisha uso, akatoa ishara mara ya tatu, polepole, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi. Taisiya akanyanyua.

Wiki tatu alibeba mizigo iliyofungwa na baba yake. Lusya, dereva wa kreni namba tano, alimwuliza mbona siku hizi anateremsha mnyororo taratibu hivyo, kama anashusha mtoto kwenye kitanda. Taisiya akasema breki imelegea.

Walizungumza mara moja tu, kwenye pipa la maji ya moto, msimamizi akiwa hatua mbili kutoka kwao akiwasha sigara. Kwetu kijana humwita mzee yeyote baba, na mzee humwita msichana yeyote binti, kwa hiyo hakuna aliyegeuza shingo.

"Kuna joto huko juu, binti?" Prokhor akauliza.

"Lipo, baba."

"Unakula?"

"Ninakula. Gramu mia nane za mkate. Na wewe baba, unakula?"

"Sina meno ya kula, nina ya kuhesabu tu." Akamjazia kikombe. "Kaa hukohuko juu. Chini huku ni uchafu."

"Baba..."

"Kunywa maji, binti. Yatapoa."

Taisiya alikuwa na kipande cha mkate mfukoni alichokiweka tangu asubuhi. Msimamizi alipogeuka, hakukitoa. Siku iliyofuata alikifunga kwenye kitambaa, akaazimia kukidondosha karibu na miguu ya baba yake. Lakini mfungaji siku hiyo alikuwa kijana wa Kitatari asiyejua ishara hata moja.

"Yule mzee wa jana yuko wapi?" akamwuliza msimamizi alipoteremka.

"Kahamishwa. Kwani amekudai?"

Baada ya miezi sita Taisiya alijaza fomu ya kuingia Chama cha Kikomunisti. Penye swali la wazazi aliandika "hawajulikani".

Miaka iliyofuata ndiyo miaka ambayo wazee wa Chugunsk bado wanaisimulia kwa kifua mbele, na Taisiya alikuwa mmoja wao. Ushindi vitani ulipatikana kwa vifaru vilivyotokana na chuma chao. Aliolewa na Rodion, fundi wa tanuru aliyerudi kutoka Berlin akiwa amevaa saa tatu za mkono na kikohozi kisichopona. Mwaka 1948 akamzaa Nonna. Walipata chumba, kisha fleti ya vyumba viwili yenye bafu, na siku ya kuhamia Rodion alikaa ndani ya bafu lile kavu, amevaa suti, akanywa chai humo. Taisiya akapewa nishani, picha yake ikatundikwa kwenye ubao wa wafanyakazi bora langoni. Mtu wa kwanza alipopaa angani, karakana nzima ilitoka uani na kupiga makopo.

"Chuma chetu hicho kinazunguka dunia," Rodion akasema.

"Na viatu vyetu je, vinazunguka wapi?" Lusya akauliza. "Maana dukani havipo."

Watu wakacheka, pamoja na katibu wa Chama wa karakana. Wakati huo mtu aliweza kucheka hivyo na kulala kwake usiku uleule. Taisiya naye alicheka. Alikuwa anaamini, na imani yake haikuwa ya kujifanya. Nchi ile ilikuwa imemla mama yake ikamlea yeye. Mambo haya mawili aliyaweka katika vyumba viwili, akafunga mlango wa katikati. Alipoamka na kuukuta umefunguka kidogo, alikwenda kazini mapema.

Rodion alikufa mwaka 1974 kwa mapafu. Taisiya alistaafu miaka minne baadaye. Kufikia hapo kila mtu aliyekuwa na macho alikwishaanza kuona. Matanuru yalikuwa yaleyale ya ujana wake, yamejaa viraka. Mipango ilitimizwa kwenye karatasi. Soseji iliyotengenezwa Chugunsk ilipelekwa mji mkuu, na watu wa Chugunsk walipanda garimoshi siku nzima kwenda kuinunua na kurudi nayo. Lusya aliita garimoshi lile "soseji inayotembelea ndugu zake". Kisha sukari ikawa kwa kuponi, sabuni kwa kuponi, na vijana wakaanza kurudi kutoka Afghanistan ndani ya masanduku ya zinki.

Ndipo magazeti yakafunguka midomo. Nonna alikuwa mkutubi, akiyaleta nyumbani kwa mafungu na kuyasoma mezani. Jioni moja ya mwaka 1989 alikuwa anasoma habari za waliohamishwa, akatikisa kichwa.

"Hebu sikia, mama. Wanasema mji wetu ulijengwa na kulaki. Maelfu. Na shuleni mlituambia ni vijana wa kujitolea."

"Walikuwepo na wa kujitolea," Taisiya akasema. Alikuwa anamenya viazi.

"Walikuwa wanaishi kwenye mahema ng'ambo ya mto. Majira ya baridi! Wewe ulikuwa hapa, hukuona kitu?"

"Niliishi humo miezi mitatu. Hema la tisa."

Nonna akashusha gazeti. Taisiya akamaliza kiazi alichoshika, akakitia majini, kisha akaeleza yote kwa mfuatano: bati, garimoshi, Anfisa, ubao wa kuvukia mto, mkasi, kidole. Alieleza kama anavyoeleza mtu alivyopata ajali ndogo zamani. Chai ilipoa, hakuna aliyeigusa.

"Kwa hiyo Maiskaya ni nani?" Nonna akauliza mwishowe.

"Ni mwezi wa Mei."

"Nina miaka arobaini na moja, mama. Unaniambia leo?"

"Ningekuambia lini? Ulipokuwa na miaka mitano ungeimba chekechea. Ulipokuwa na ishirini ungenyimwa chuo. Baadaye ulikuwa na furaha yako, nikaona niiache."

Nonna alikasirika wiki mbili, akaja kuzoea. Ni yeye aliyemsukuma mama yake aombe faili la Prokhor kwa idara ya usalama. Lakini mambo yalikwenda mbio kuliko maombi. Chama alichokitumikia miaka arobaini na saba kilifungwa mwezi Agosti 1991 kama duka, na mwezi Desemba Lusya alikuwa kwake wakinywa chai kwa jamu ya beri, televisheni ikiwa imewashwa, pale bendera nyekundu ya Muungano ilipoteremshwa.

"Wameishusha," Lusya akasema.

"Nani kawashinda?"

"Sioni mtu. Wameishusha wenyewe."

Wakatazama mpaka habari za hali ya hewa. Taisiya alisema baadaye kwamba alingoja moyo umwambie kitu, huzuni au furaha, na moyo ulikaa kimya kama mtu aliyeulizwa swali katika lugha asiyoijua.

Faili lilipatikana mwezi Juni 1992. Alipewa meza karibu na dirisha katika ofisi iliyokuwa haikanyagwi na mtu kwa hiari, na afisa kijana, mpole, akamwambia asichukue chochote nje. Lilikuwa jembamba: karatasi kumi na nne. Mwaka 1937 baba yake alihojiwa, akaulizwa habari za familia. Jibu lake liliandikwa: mke alikufa 1931, binti, Taisiya, alikufa 1931 kwa homa, amezikwa pamoja na mama yake. Aliulizwa tena baada ya siku mbili, na mara ya tatu baada ya tano. Jibu ni lile lile.

Karatasi ya kumi na mbili ilikuwa ombi la Novemba 1943, kwa mwandiko wa mtu mwingine, maana Prokhor alijua kuandika jina lake tu. Aliomba kuondolewa karakana ya chuma na kupelekwa machimboni, "kwa sababu joto linamdhuru kifua". Ombi lilikubaliwa siku hiyohiyo. Machimboni hakuna aliyewahi kuomba kwenda. Karatasi ya kumi na tatu ni ya kifo, Februari 1944, kifua.

Taisiya aliisoma ile ya kumi na mbili mara nyingi. Afisa akamletea maji.

"Mama, unajisikia vibaya?"

"Hapana, mwanangu. Nilidhani wamemhamisha."

Nonna alikuwa akimngoja nje, wakatembea mpaka kituo cha tramu. Hapo Taisiya akamwambia kwamba yeye alimtazama baba yake sana. Siku zile, kutoka kule juu, alikuwa anamtazama sana, na mtu yeyote mwenye akili angeona. "Aliona nitajiponza," akasema, akapanda tramu.

Walipewa cheti kwamba Prokhor Sinelnikov hakuwa na hatia, na Taisiya, kama mtoto wa aliyeonewa, akapewa haki ya kupanda basi bure. Nonna alitaka abadilishe jina, arudishe la kwao. Taisiya akakataa. "Hili amelilipia baba," akasema. "Lile walilichukua bure."

Mwezi Agosti walikwenda makazi ya machimbo, kilomita sitini, kwa basi hilohilo la bure. Mgodi ulikuwa umefungwa tangu miaka ya hamsini. Makaburi hayakuwa na alama, idara ya misitu ilikuwa imepanda misonobari kwa mistari iliyonyooka, na mwanamke mmoja aliyechunga mbuzi aliwaonyesha kwa fimbo: "Kuanzia hapa mpaka bondeni, ni wao." Walikula mayai ya kuchemsha wakiwa wamesimama, kwa kuwa hawakujua ni wapi wanaweza kukaa bila kumkalia mtu.

Mwaka uliofuata, siku ya Ushindi, ya kukumbuka vita kumalizika, baraza la wazee wa kiwanda lilikutana kantini kama kila mwaka. Safari hii hapakuwa na divai. Kiwanda kilikuwa kimezima matanuru matatu kati ya matano na kilikuwa kinalipa watu kwa sufuria badala ya fedha. Walikuwepo ishirini na wawili, nishani kifuani. Kila mmoja alisimama kumkumbuka mtu wake aliyekufa vitani. Ilipofika zamu yake, Taisiya alisimama na glasi ya maji ya matunda.

"Ninamkumbuka baba yangu, Prokhor Sinelnikov," akasema. "Alikuwa kulaki wa ng'ambo ya mto. Alichimba msingi wa tanuru la kwanza, na mwaka wa arobaini na tatu alinifungia mizigo karakana ya chuma. Nilikaa pamoja nanyi miaka hamsini nikisema simjui."

Aliyekuwa katibu wa Chama alikohoa, akasema leo si siku ya siasa. Mtu mmoja akachukua kofia yake na kutoka. Kisha Savely Drozd, fundi mkuu wa tanuru, mwenye nishani mbili za Lenin, mtu aliyekuwa akitembelea shule kuwasimulia watoto jinsi alivyokuja Chugunsk kwa kujitolea, akasema bila kusimama: "Hema la thelathini. Tulikuwa saba, tulibaki wawili." Mwanamke wa maabara akasema wao walitoka Tambov. Mwingine akainua mkono tu, kama yuko darasani. Walipomaliza kujitaja walikuwa tisa.

Lusya hakuwa miongoni mwao. Alitoka na Taisiya, wakatembea hadi bustani ya langoni wakiwa wameshikana mikono kwa sababu ya barafu ya mwisho.

"Miaka hamsini tunakunywa chai pamoja," Lusya akasema. "Nimekuambia mpaka habari za mume wangu na yule mhasibu. Wewe hukuniambia."

"Ungefanya nini, ungejua?"

Lusya alikuwa mtu wa mzaha, lakini safari hii alifikiri kweli, amesimama katikati ya njia, watu wakiwapita pembeni.

"Mwaka wa hamsini ningekushtaki," akasema. "Nakuambia ukweli. Ningelia, na ningekushtaki. Baada ya hapo, sijui."

"Basi nilifanya vizuri kunyamaza."

"Ulifanya vizuri."

Wiki mbili hawakutembeleana. Ya tatu Lusya alikuja na ndoo ya miche ya nyanya iliyomzidi dirishani, akagonga mlango kwa mguu, akauliza kama kuna maji ya moto ya chai.